Mchumba Apelekwa Makau

Habari ya Rodrick na mikeka ilipakuliwa pamoja na maharage. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Benedicta, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou. Viti vilikwisha zamani, watu wamekalia marobota ya vitambaa, kila mtu na sahani yake mapajani. Émérance, mfanyabiashara wa Lubumbashi ambaye kunong'ona hajajaliwa hata kanisani, akasema yule kijana wa viatu, yule mrefu anayenunua soko la Liuhua, watu wa Kariakoo wanamjua vizuri. Alikuwa mtu wa kubeti. Mkeka asubuhi, mkeka jioni, mpaka mechi za nchi ambazo hakujua ziko pembe gani ya dunia. Na mikeka yenyewe ilikuwa ikichanika.

Wote wakamtazama Kissa, na Kissa akautazama ugali.

Maana kijana mrefu wa Liuhua alikuwa wake. Alikuwa amemwomba waoane, naye Kissa moyoni alikwisha kukubali, ila mdomoni alikuwa anamsubiri baba. Kwao Tukuyu posa haijibiwi hivi hivi. Ukoo wa msichana hutuma watu kimyakimya wakachungulie: huyu kijana kwao wanaishije, baba yake akinywa huwa anasema nini, mama yake anasalimiana na majirani au anapita kama bata. Sasa Guangzhou utachungulia kijiji gani? Mtu anakaa chumba cha kupanga ghorofa ya kumi na tisa, jirani yake Mchina, na huyo Mchina naye hajui jina lake. Ndipo baba yake Kissa, Mzee Anyosisye, alipompigia simu Benedicta akamwambia kuanzia leo wewe ni dada yangu, shangazi wa huyo mtoto. Mchunguze kijana. Neno utakalonipa ndilo nitakalolishika.

Benedicta, Mhaya wa Bukoba ambaye Tukuyu hajaikanyaga hata kwa bahati mbaya, aliupokea ushangazi huo kama askofu anavyopokea fimbo. Ameishi China miaka mingi, soko la Zhongda wauza vitambaa wanamwita kwa jina, na hakuna ndoa, ugomvi wala mimba ya Mtanzania mjini humo iliyompita mlangoni bila kuingia. Uchunguzi ulikuwa ndani ya damu yake. Kilichokosekana tangu zamani kilikuwa kibali tu.

Kwa hiyo aliposikia neno kamari, aliweka sahani chini, akafuta vidole, akatoa hukumu. Mwanaume humpimi kwa kumuuliza, kwa sababu ulimi ni wake. Mpeleke kwenye kitu chenyewe ukae pembeni umtazame. Jumamosi watampeleka Makau.

Vigelegele vikapigwa na watu ambao hata hawakualikwa. Makau! Mji wa kasino, saa chache tu kwa treni kisha unavuka mpaka kwa miguu, na nusu ya waliokuwa pale wamekuwa wakiusikia miaka yote wakihesabu mizigo. Flavia, mama wa Singida anayefunga mizigo ya nguo za watoto soko la Shahe, alijiandikisha kabla hajaulizwa. Émérance akasikitika kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja, na Makau ukivuka umekwisha kutoka China. Utarudi na miguu ya nani? Akaagiza aletewe picha zote, hata za vyoo.

Kissa peke yake hakushangilia. Alikuwa amekumbuka kitu. Rodrick haongei mpira. Mechi ikiwekwa, yeye hupata udhuru, mara simu, mara maji ya kunywa, akatoka nje mpaka iishe. Siku zote Kissa alidhani ni adabu, kwamba amepata mwanaume asiyepiga kelele mbele ya televisheni, na akamshukuru Mungu. Sasa alijiuliza ni Mtanzania gani wa kiume anayekimbia mpira, na anakimbia nini hasa.

Benedicta akamwekea sharti: usimwambie. Ukimwambia tu, atavaa sura ya kanisani siku nzima, nami nitampigia baba yako nimwambie nimeshindwa kazi.

*

Rodrick aliambiwa ni sikukuu ya kuzaliwa ya Benedicta. Asubuhi ya Jumamosi alifika stesheni kuu ya kusini ameshika boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na viatu vya dhahabu vyenye kisigino kifupi, saizi yake kamili, kwa sababu mtu wa viatu akikuona mara moja ameshapima mguu. Benedicta alivitazama, akamtazama Kissa, akakohoa. Dhamiri ilimchoma kidogo. Hata hivyo alivivaa pale pale kwenye benchi, kwa kuwa viliendana na gauni lake la kitenge lenye mawe yanayong'aa.

Kwenye treni Flavia aligawa mayai ya kuchemsha na chapati, akisema mji wa matajiri huwezi kuuingia na njaa, watakuuzia maji kwa bei ya figo. Rodrick alicheka, akammenyea Kissa yai, akauliza kama kweli huko kuna jengo lenye mto ndani. Alikuwa na furaha ya mtoto anayepelekwa mjini kununuliwa nguo za Krismasi. Kissa aliikaza midomo. Mara mbili alifungua kinywa amwambie, na mara mbili kiatu cha dhahabu kilimgusa chini ya kiti.

Mpakani Gongbei umati ulikuwa wa kuogopesha: wazee wenye vitoroli, wanafunzi, akina mama waliobeba mboga. Pasi zikagongwa, wakatembea, na wakatokea upande wa pili ambako vibao vilikuwa na Kichina juu na Kireno chini. Flavia akavisoma kwa sauti kimoja baada ya kingine kama anayeongoza litania. Nje, mabasi yalikuwa yamejipanga, mapya, ya kung'aa, yanapeleka watu kasino bila nauli. Benedicta hakuamini. Alimuuliza dereva, akamuuliza msichana anayepanga foleni, akamuuliza na abiria. Bure? Bure. Akapanda, lakini akawaonya wenzake kwa sauti ya chini kwamba maisha yake yote ya biashara hajaona mtu anayekubeba bure asiye na mpango na wewe.

Basi likapita darajani, na ghafla kila mtu akasogea dirishani. Kule mbele majengo yalikuwa yamesimama kama vito kwenye kabati la sonara, moja la dhahabu tupu kutoka chini mpaka juu, jingine limepindwa kama nguo iliyokamuliwa, na katikati mnara wa chuma kama ule ule wa Paris ambao Émérance ana picha yake ukutani. Flavia alipiga picha mpaka simu ikapata moto.

Kissa hakuwahi kuona kitu kama kile. Waliingia jengo lenye mto, na mto kweli ulikuwepo, ghorofani, juu ya maduka, maji ya kijani na mitumbwi yenye watu, mpiga kasia amevaa kofia anaimba kwa sauti ya tumboni. Juu yake mbingu ya buluu yenye mawingu, yote imechorwa. Flavia alishuka ngazi akaenda nje kuhakikisha kama kweli bado ni mchana, akarudi akasema mbingu ya Mungu leo ina vumbi, hii ya humu ni safi zaidi, Mungu anisamehe. Rodrick aliimba na mpiga kasia bila kujua neno hata moja, na watalii wakamrekodi. Kissa alicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa kitambo akasahau kilichowaleta.

Benedicta hakusahau. Alipiga makofi mawili, akasema sasa twende chini tukaone wanapochezea.

*

Sauti iliwapokea kabla ya macho: kengele, vinanda, ngoma, sarafu za uongo zinazomwagika kwenye mabati ya uongo. Kisha ukumbi ukafunguka, mpana kuliko uwanja wa mpira, zulia jekundu lenye maua ya njano, meza zisizo na mwisho na watu wameziinamia kimya kabisa, kama wako msibani. Hakuna dirisha. Hakuna saa ukutani.

Mlangoni Rodrick alisimama. Wimbo wa mtumbwi ulimtoka usoni. Kissa alimwona akifuta viganja kwenye suruali, mara moja, mara ya pili, na macho yake yakatembea juu ya zile meza kama mtu anayetafuta jamaa yake kwenye umati. Moyo wa Kissa ukashuka mpaka kwenye zulia. Émérance hakusema uongo.

Ndipo Rodrick akatoa pochi mfukoni, akaiweka juu ya simu yake, akampa vyote.

"Shika."

"Vya nini?"

"Shika tu mpaka tutoke humu. Nikikuomba, usinipe." Akafikiri kidogo. "Hasa nikikuomba."

Akarudi nyuma hatua chache, akasimama nje ya zulia, kwenye marumaru, karibu na chungu cha maua, akafunga mikono kifuani. Hakueleza zaidi, wala Kissa hakuhitaji. Alibaki ameshika pochi yenye joto la mfuko wa mtu, na furaha iliyompanda ilikuwa ya kumfanya akimbie. Shangazi ameona? Shangazi lazima aione hii. Akageuka kumtafuta.

Shangazi alikuwa amekaa.

Alikuwa amekaa, eti, kupumzisha miguu. Viatu vipya. Kiti kilikuwa laini, nacho kilikuwa mbele ya mashine yenye joka la dhahabu, na kwa kuwa si adabu kukalia kiti cha watu bure, Benedicta aliilisha noti moja tu, ya heshima. Joka likafumbua macho. Ngoma zikalia. Namba zikapanda, zikapanda, na Flavia akaruka juu akikumbatia mgongo wa kiti. Wazee wa Kichina wakageuka kutazama. Mhudumu akapita na kitoroli cha chai ya maziwa ya bure, na Benedicta akaipokea kama malkia, bila kutoa macho kwenye joka.

Kissa alipofika kumweleza habari ya pochi, aliinuliwa kidole: subiri. Alisubiri. Alianza upya, akaambiwa mwanangu unanikata mkono. Namba zilikuwa zimeanza kushuka. Benedicta aliiongelesha mashine kama anavyowaongelesha wauzaji wa Zhongda, mara kwa kubembeleza, mara kwa kukaripia, anaiita laoban, yaani bosi, anaiambia punguza ukorofi, mimi mteja wako wa siku nyingi. Kwa mtu aliyemjua, ilikuwa kichekesho. Flavia alicheka mwanzoni. Baadaye aliacha, akamkumbusha Benedicta habari ya treni, akaambiwa anyamaze kwa sababu joka liko karibu kutema.

Noti za mkoba zikaisha. Benedicta akainama, akaingiza mkono ndani ya gauni ubavuni, na Kissa akajua ni nini, kwa sababu wanawake wote wa biashara wanacho: kifuko cha kitambaa kinachofungwa kiunoni. Kifuko cha Benedicta kilikuwa na pesa za oda za watu. Kilikuwa cha kwaya ya Bukoba iliyochangia sare, cha mafundi waliomwamini bila karatasi. Jumatatu kilitakiwa kuwa Zhongda.

Flavia akamshika mkono. Benedicta akauondoa mkono wa Flavia taratibu, kama mtu anayeondoa mdudu, wala hakumtazama.

Kissa akakimbia kwenye marumaru.

Rodrick alimsikiliza huku akiwa bado amefunga mikono. Aliuliza jambo moja tu, kama amefungua kifuko. Kissa akaitikia. Rodrick akalitazama zulia lile jekundu namna anavyoutazama mto mtu ambaye amewahi kuzama. Halafu akaingia. Alipita katikati ya meza akiangalia visigino vyake mwenyewe, na alipofika kwenye joka hakukaripia, hakushika mkono wa mtu. Alichuchumaa pembeni ya kiti, goti chini, akawa mfupi kuliko aliyekaa.

"Shikamoo mama. Huyu laoban amekupa bei ya mwisho?"

Benedicta alishtuka. "Nani?"

"Huyu. Naona anakataa kushuka. Kule Zhongda muuzaji akikataa kushuka, wewe unafanyaje?"

"Naondoka zangu."

"Ukiondoka?"

"Ananiita." Kwa mara ya kwanza macho yalitoka kwenye joka. Hilo lilikuwa swali la kazi, na kwenye kazi Benedicta hana mzaha. "Wananiita wote. Sijawahi kufika ngazi bila kuitwa."

"Basi ondoka, mama. Akikuita tunarudi wote, na kiti nitakushikia mimi."

Benedicta aliitazama mashine, na mtu angeona kabisa hesabu ya miaka yote ya sokoni ikipita usoni mwake. Kisha akafunga kifuko. Akasimama, akavuta gauni, akatupia mkoba begani.

Aliondoka kama anavyoondoka Zhongda, na waliowahi kumwona wanajua kwamba ni tamasha: polepole, kidevu juu, bega moja limelegea kwa dharau, hageuki hata kidogo, lakini sikio limebaki nyuma. Kissa, Flavia na Rodrick walimfuata kwa msafara. Wakapita meza ya kwanza. Wakapita meza za katikati. Wakakanyaga marumaru, viatu vya dhahabu vikaanza kulia, ko, ko, ko, taratibu zaidi na zaidi kwa kumpa muuzaji nafasi ya kujirudi. Kwenye ngazi za umeme Benedicta alisimama. Nyuma yao, mama mmoja wa Kichina alikuwa amekwisha kukaa kwenye kile kiti, na joka lilikuwa linampigia ngoma zile zile.

"Hajaniita," Benedicta akasema.

Alisema kwa uchungu wa kweli, kama mwanamke aliyeachwa harusini. Halafu tumbo likaanza kutikisika, kicheko kikampanda, akacheka mpaka akashikilia mkono wa ngazi, mawe ya gauni yakimetameta, na walinzi wawili wakasogea kuangalia kama ni mgonjwa. Mwizi mkubwa huyu, alisema akifuta machozi, hata kunipungia mkono hakunipungia.

Alipotulia alimgeukia Rodrick, akamuuliza amejuaje.

"Nami niliwahi kukaa kiti kama hicho, mama. Changu kilikuwa kwenye simu. Hakuna aliyekuja kuniambia niondoke."

Ndipo Benedicta alipoiona pochi mikononi mwa Kissa, pochi ya kiume na simu ya kiume, na safari hii Kissa aliposimulia, alisikilizwa mpaka mwisho.

*

Simu ya Tukuyu iliita wakiwa uwanjani mbele ya jengo la mpaka, jua linazama nyuma ya maghorofa, umati unarudi Zhuhai, upande wa China, na mifuko. Benedicta alilitazama jina, akaliacha liite. Kissa alijua anachofikiria, na kilimtia baridi. Mji mzima wa Guangzhou unamheshimu mwanamke huyu kwa sababu hajawahi kuliwa na mtu. Anaweza kusema neno moja tu, kwamba kijana ni wa kamari, nalo litakuwa la kweli, na hakuna atakayeuliza shangazi naye alikuwa wapi. Rodrick akikataliwa, hadithi ya joka inakufa naye.

Benedicta akapokea. Akaweka sauti ya nje, kwa sababu hajawahi kuongea na simu kwa namna nyingine. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mvua inapiga bati.

"Dada, umemwonaje?"

"Kaka, yale maneno ni ya kweli. Kijana alikuwa mtu wa kamari."

Rodrick aligeuza kichwa, akaitazama simu, akamtazama Benedicta, kisha Kissa, na Kissa akaona jinsi siku nzima inavyojipanga upya usoni mwake, treni, mayai, sikukuu ya kuzaliwa, mlango ule. Hakuondoka. Alisimama kama mtu anayesubiri daktari amalize kusoma karatasi.

"Basi," mzee akasema kule kwenye mvua.

"Sijamaliza, kaka. Leo tumemleta kwenye mji wa kamari wenyewe, tumpime, bila kumwambia. Kufika mlangoni akampa binti yako pochi na simu, akamwambia nikikuomba usinipe. Akakaa nje. Aliyeingia na pochi ni mimi. Nimefika mpaka kwenye kifuko cha watu, kaka. Huyu kijana ndiye aliyeingia kunitoa, na amenitoa kwa heshima, watu wamedhani naondoka kwa hiari yangu."

Mzee akakohoa kule kwenye mvua.

"Dada. Wewe umecheza kamari?"

"Nimecheza."

"Umekula au umeliwa?"

"Nimeliwa."

Kilichotoka kwenye simu kilikuwa kicheko cha mzee mwenye kifua kibovu, kinakatika, kinaanza tena, na nyuma yake sauti ya mama yake Kissa inauliza kuna nini huko. Mzee akapata pumzi. Akasema mtu ambaye hajawahi kuanguka hawezi kukuonyesha tope liko wapi. Huyo kijana awaambie watu wake waje, na waje na ng'ombe, hapa kwetu hatupokei mbwembwe za China.

Flavia hakungoja simu ikatwe. Alipiga kigelegele kilichopasua uwanja mzima, akina mama wenye mboga wakasimama, polisi wa trafiki akapuliza filimbi bila kujua anamzuia nani. Benedicta akamvuta Rodrick shingoni mpaka akainama, akamwambia kitu sikioni, na Rodrick akaitikia kwa kichwa mara nyingi, macho yamejaa. Kwa Kissa, Rodrick alisema tu kwamba ng'ombe wa Tukuyu anasikia ni wakubwa, na je, wanaruhusiwa kulipwa kidogokidogo.

"Umekasirika?" Kissa akamuuliza.

"Nitakasirika kesho," Rodrick akasema. "Leo sina nafasi."

Wakaingia foleni wakisukumana. Zamu ya Kissa ilipofika, askari wa China alichukua pasi, akaitazama picha, akamtazama yeye, akamwonyesha kamera. Sura haikulingana. Akamwashiria kwa vidole viwili kwenye pembe za mdomo wake mwenyewe: shusha, usicheke. Kissa akakaza mashavu. Akafikiria mizigo, akafikiria ushuru, akafikiria misiba miwili ya ukoo wao. Kamera ikakataa. Nyuma yake Flavia alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kumpokea bwana harusi, Benedicta anaitikia, na askari, kijana tu, akauma mdomo asicheke naye, akashika muhuri, akasubiri.